Bwana Harusi wa Kichwa Nusu

Chumba cha mbele cha nyumba ya kaka yangu, kwenye mteremko ulio juu ya Soni, kilijengwa kwa ajili ya wageni. Kilikuwa na makochi yenye vitambaa alivyofuma wifi kwa mkono wake, picha ya marehemu baba, na kalenda ya dayosisi. Mwana wa pili wa kaka, ambaye nyumba nzima inamwita Dogo, alimaliza kidato cha nne, akakaa, akangoja. Siku wazazi wake walipokwenda msibani Mlalo na kulala huko, aliyahamishia makochi ukumbini. Waliporudi walikuta kioo kirefu ukutani, kiti cha kuzunguka alichokinunua kwa pesa za kupakia kabichi, mashine ya kunyolea ikining'inia msumarini, sabufa yenye taa za rangi, na nje ya mlango maandishi mekundu yaliyotangaza saluni ya kiume kwa jina la mtaa mmoja wa New York. Picha ya babu yake hakuigusa. Wateja walinyolewa mzee akiwatazama.

Kaka alitaka kioo kishushwe siku ileile. Wifi alitaka makochi yarudi kwanza, mengine baadaye. Mama yangu, ambaye kwa umri ndiye mwenye nyumba, aliuliza bei ya kunyoa. Alipoambiwa, akasema basi wajukuu wadogo hawana haja ya kupelekwa tena Soni. Kesi ikaahirishwa, na kesi ikiahirishwa katika nyumba ile huwa imeshaamuliwa.

Haukupita muda chumba kikawa kijiwe. Waliojaa kwenye benchi lake hawakuwa wateja wote. Mmoja huendesha bodaboda kati ya Soni na Lushoto. Mwingine hununua karoti shambani na kuzipakia kwenye malori yanayoteremka Mombo kuelekea Dar es Salaam. Wawili walikuwa wakisubiri matokeo ya mtihani, na waliobaki walikuwa wakisubiri tu. Walivaa suruali modo zilizobana hadi kifundoni, wengine mlegezo, na juu yake makoti makubwa ya mitumba waliyochambua kwenye gulio, kwa sababu baridi ya Usambara mwezi wa Julai haina huruma na mtu. Vichwani palikuwa na panki, kiduku, mistari iliyochorwa kwa ncha ya wembe juu ya sikio, na kijana mmoja mwenye rasta ndefu. Sabufa ilipiga singeli, muziki wa mbio uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, mpaka vikombe vya wifi vikatetemeka kabatini. Kaka alikuwa na neno moja kwa wote: wahuni.

Lakini huyo mhuni wake namba moja alikuwa akipuliza tarumbeta usharikani kila Jumapili, akiwa amevaa shati jeupe lililofungwa hadi kifungo cha juu. Siku mbili za wiki alishinda bondeni na baba yake akimwagilia kabichi. Alimsalimia bibi yake kwa Kishambaa, "Onga mshi," akiwa ameinama vizuri. Akigeuka upande wa benchi alizungumza Kiswahili cha mitaani ambacho nusu yake kilinipita. Na kwenye simu alikuwa na jina jingine kabisa, na picha ya miwani myeusi, na marafiki wa Arusha, Mombasa na Muscat ambao hawajawahi kuonja baridi yetu.

"Dada, wewe umesoma mambo haya," kaka aliniambia nilipofika kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya harusi ya mwanawe mkubwa. "Nataka kujua huyu mtoto ni nani hasa."

Swali lile nimelifundisha darasani miaka mingi, na wasomi wamegawanyika juu yake kama kaka na mama. Mwaka 1964 Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilifungua kituo cha kuchunguza utamaduni wa watu wa kawaida. Stuart Hall na wenzake waliwatazama vijana wa tabaka la wafanyakazi, viatu vyao, pikipiki zao, nywele zao, wakakataa kuziita upuuzi. Waliona ndani ya vitu hivyo upinzani unaosemwa kwa mavazi na watu wasio na jukwaa jingine. Dick Hebdige, katika kitabu chake cha 1979, alieleza jinsi pini ya kufungia nepi inavyoweza kuhamishwa kutoka kwa mtoto mchanga hadi kwenye shavu la kijana, na papo hapo ikawa tusi kwa wakubwa. Ukivaa miwani hiyo, Dogo ni mwasi na kichwa chake ni bango.

Kisha wakaja watu wa usasaleo, wasioamini kwamba mtu ana sura moja ya kudumu, wakalivunja bango. Michel Maffesoli wa Ufaransa aliandika mwaka 1988 kwamba watu wa leo wanaishi katika makabila ya muda: wanakutanishwa na ladha na hisia, wanachangamka pamoja, wanatawanyika, kesho wako kwingine. Mwaka 2000 David Muggleton alichapisha mahojiano yake na watu wenye mitindo ya kushtua. Wengi walikataa kuwa wa kundi lolote, kila mmoja akisema yeye ni yeye tu, anachanganya apendavyo. Kwa wasomi hawa hakuna Dogo halisi aliyejificha nyuma ya madogo wengine. Mpuliza tarumbeta, mkulima, kinyozi na yule wa miwani myeusi wote ni yeye, na hana deni la kumchagua mmoja.

Nilimweleza kaka haya yote jikoni kwa wifi. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Sawa, dada," akasema. "Na uniti za umeme anazimaliza yupi kati yao?"

Nililala na swali lile. Vitabu vinavyosifu uhuru wa kijana kujichagulia sura vingi viliandikwa mahali ambapo mita haiko karibu na kitanda cha mwandishi. Huku, kila sura mpya ya Dogo ilikuwa na mtu aliyeilipia, na mara nyingi alikuwa wifi, kwa pesa za maharage. Lakini usiku haukutosha kulimaliza, kwa sababu alfajiri ilileta jibu lake yenyewe.

Harusi ilikuwa Jumamosi, huko Bumbuli kwa akina bibi harusi, na msafara ulipaswa kuondoka saa mbili asubuhi. Tangu saa kumi alfajiri nyumba iliwaka taa zote. Pasi ilikuwa inanyoosha mashati. Jagi la umeme lilikuwa linachemsha maji ya kuoga ya wazee. Chumba cha mbele mashine ilikuwa inaunguruma, sabufa inaimba, na bwana harusi ameketi kwenye kiti cha kuzunguka, shuka shingoni. Dogo alikuwa amemwahidi kaka yake panki safi, pande zikiwa fupi na juu pamechongwa sawasawa. Alianza upande wa kulia, akaumaliza, akapitisha mashine katikati hadi utosini ili asawazishe. Umeme ukakatika.

Haukukatika kijijini. Uniti zilikuwa zimekwisha.

Kilichofuata nakieleza kama nilivyokiona kwa taa ya simu. Wifi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Kaka alitoka chumbani na suruali ya suti na fulana. Wote wawili walimmulika mtoto wao wa kwanza, ambaye kichwa chake kilikuwa na kijana wa leo upande mmoja na msitu wa Magamba upande wa pili. Hakuna aliyesema neno. Halafu wote wakasema kwa pamoja.

Mtandao wa simu mlimani ulikuwa umegoma tangu usiku, kwa hiyo kununua umeme kwa simu haikuwezekana. Mashine ya Dogo ni ya waya. Jirani ana umeme wa jua wa taa tatu, nao haukuweza kuisukuma. Yule wa bodaboda akapanda pikipiki yake, akateremka Soni kwenye ukungu mzito kumgongea wakala wa duka. Alirudi amelowa hadi mifupa, na karatasi yenye tokeni ya tarakimu 20 aliyoinakili kwa kalamu na kuiweka mfuko wa shati. Tarakimu 19 zilisomeka. Moja ilikuwa doa la wino.

Hapo mama yangu akaagiza beseni, maji ya moto na sabuni ya kipande. Akatoa wembe mpya kutoka kwenye fundo la kanga, akamwambia mjukuu wake akae chini, kwenye kigoda, kichwa kati ya magoti yake. Kwa dakika chache tu alikimaliza, bila kumtoa tone la damu. Bwana harusi akainuka na kipara kinachong'aa. Alijitazama kwenye kioo kwa mwanga wa simu, na nikaona mdomo wake unatetemeka. Alikuwa kijana aliyejipangia siku ile kwa mwaka mzima.

Dogo akakaa kwenye kigoda.

"Bibi, na mimi."

Bibi hakumuuliza kwa nini. Panki ya Dogo ikaanguka kwenye beseni. Baada yake akakaa yule wa bodaboda, angali amelowa. Akafuata wa karoti, kisha mmoja wa wale wa kusubiri matokeo, na mwenzake, hadi benchi zima likapita kwenye magoti ya mama. Mwenye rasta alisimama mlangoni muda mrefu. Mama akamwambia nywele za miaka hazikatwi kwa haraka, avae kofia ya sufu aende zake, naye akavaa. Bwana harusi sasa alikuwa na wapambe saba wenye vipara, na alikuwa anacheka.

Nimesoma mengi kuhusu nywele za vijana, na asubuhi ile ilinishika kooni. Kama Muggleton angekuwa mlangoni, angesema: tazama jinsi walivyouvua mtindo wao bila kulia, kwa kuwa haukuwa kiapo. Angekuwa sahihi. Lakini waliuvua kwa ajili ya nani? Nywele zile walizilipia, walizipiga picha, walizilinda dhidi ya mvua kwa mifuko ya plastiki. Wakazitupa kwenye beseni ili mmoja wao asiingie kanisani peke yake akiwa tofauti. Maffesoli aliona kwamba kinachowaleta pamoja ni huko kuwa pamoja kwenyewe. Alichokosea, kwa ninavyoona mimi, ni kukiita kitu cha kupita. Mtindo wa vijana wale ni mwepesi. Udugu wao ni mzito, na huo ndio ambao kaka alikuwa akiuita uhuni.

Wakati haya yakiendelea, kitinda mimba wa nyumba, binti wa kidato cha tatu, alikuwa amechuchumaa mbele ya mita na ile karatasi. Yeye na binamu zake walikuwa jikoni tangu usiku wa manane wakimenya ndizi na viazi. Wote walikuwa wamesuka mtindo mmoja, wamevaa kitenge cha rangi moja walichokubaliana kwenye kundi lao la simu, wana nyimbo zao, majina yao na vicheko vyao, na katika mwaka mzima wa ugomvi wa saluni hakuna mtu aliyewahi kulipa lile kundi jina au kuuliza ni akina nani hasa. Angela McRobbie na Jenny Garber waliwauliza wenzao wa Birmingham jambo hilohilo katika miaka ya 1970: mmeandika kuhusu vijana, wasichana wako wapi? Kwetu msichana alikuwa mbele ya mita, akiweka sifuri mahali pa doa, kisha moja, kisha mbili, na kuandika upya tarakimu zote kila mara. Ilipofika saba, mita ikakubali. Taa zikawaka, sabufa ikalipuka kwa singeli, na beseni likaonekana limejaa nywele.

Tuliondoka kwa kosta moja na Fuso moja, matarumbeta nyuma ya Fuso, na Dogo miongoni mwao. Barabara ya Bumbuli inapanda na kuzunguka mashamba ya chai, na ukungu ulianza kufunguka. Nilikuwa na furaha. Hakuna hata mmoja wetu, mama akiwemo, aliyekumbuka jinsi tutakavyoonekana.

Akina bibi harusi walikuwa wamejipanga langoni mwa kanisa, kina mama mbele na vigelegele tayari mdomoni. Fuso likasimama. Wakashuka vijana wanane wenye suti nyeusi na vichwa vitupu. Kwa wazee wengi wa huku, kama ilivyo kwa makabila mengi nchini, ndugu wa ukoo mmoja wakinyoa wote kwa siku moja wamefiwa. Kigelegele cha kwanza kilikatikia hewani. Mama mkwe akashika kifua. Mtu mmoja akauliza, "Ni nani? Bibi yao?" kwa kuwa mama yangu alikuwa bado ndani ya kosta, akitafuta kiatu. Kilio kikapanda. Kiongozi wa matarumbeta, ambaye alikuja moja kwa moja kutoka kwao na hakujua lolote kuhusu asubuhi yetu, alisikia kilio, akaona vichwa, akawapa wenzake ishara, na bendi ikaanza wimbo wa mazishi. Dogo alishusha tarumbeta yake, akamtazama kiongozi wake, akatikisa kichwa kwa nguvu zote. Kiongozi akadhani amezidiwa na majonzi.

Mama alishuka akiwa na kiatu kimoja mguuni. Alisimama kati ya koo mbili, akainua mkono, akasema kwa Kishambaa kwa sauti iliyofika hadi madhabahuni kwamba hakuna aliyekufa, umeme ndio uliokwisha.

Ilichukua muda kueleweka. Bibi harusi ndiye aliyeelewa kwanza. Alimtazama mumewe mtarajiwa, akapitisha kiganja juu ya kile kipara, akaangua kicheko, na kina mama wakamfuata. Ibada ilichelewa. Ilikuwa nzuri sana.

John Clarke wa Birmingham aliandika kuhusu vijana wa Uingereza walioitwa skinheads, wenye vichwa vya kunyoa, kwamba walikuwa wakijaribu kuirudisha kwa ishara jumuiya ya mtaani iliyokuwa imevunjika. Kipara kilekile Bumbuli kilisomwa msiba na wakwe, mapenzi ya ndugu na sisi, na baada ya wiki moja vijana wa Soni wakaja saluni kukitaka kama mtindo mpya, wakikiita "kipara cha harusi". Ishara haikai kwa mwenyewe. Pwani yetu ililijua hilo zamani: katika ngoma ya Beni, iliyovuma kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga na bara, vijana walichukua matarumbeta, magwaride na vyeo vya kijeshi vya wakoloni, wakavifanya vyao katika vyama shindani vya Marini na Arinoti. Wapo walioona kuiga tu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya ngoma hiyo, aliona watu wanaojitengenezea heshima kwa vifaa vilivyokuwepo.

Mezani, wakati wa chakula, mzee mmoja wa upande wa wakwe alilalamika kwamba zamani vijana walinyooshwa. Alitaja Operesheni Vijana, pale Umoja wa Vijana wa TANU ulipopitisha azimio Oktoba 1968, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ukapiga vita sketi fupi, wigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Mama alimjibu kwa upole kwamba mwaka ule alikuwa binti, akiishi Dar es Salaam kwa dada yake, na alikuwa akivuka Kariakoo amejifunga kanga juu ya gauni kwa hofu ya vijana wa rika lake waliojipa kazi ya kupima magoti ya watu. "Mlitunyoosha," alisema, "na sketi zikarudi." Mzee akaongeza chai.

Kikao cha familia kilifanyika jioni ya siku iliyofuata, ukumbini, tumejibana kati ya makochi. Kaka alirudia swali lake, safari hii akimwelekea mwenyewe: wewe ni nani, na utaacha lini? Dogo alijibu kwa heshima, macho chini, lakini alijibu.

"Baba, ukigawa shamba, langu litatoka matuta mangapi?"

Nilijua hesabu ile. Baba yetu aligawa kwa wanawe watatu. Kaka alibaki na vipande viwili visivyoshikana, na watoto wake ni wanne. Wilaya ya Lushoto ilihesabiwa watu 492,441 katika sensa ya 2012, na milima haijaongezeka. Zamani kijana wa Kishambaa alikuwa mtu mzima kwa kuwa na shamba, mke na nyumba. Shamba likikosekana, viwili vilivyobaki vinangoja. Brad Weiss, aliyechunguza saluni za kiume za Arusha na kuzitolea kitabu mwaka 2009, aliwakuta humo vijana wanaounda ulimwengu mzima wa ndoto kwa mabango na majina ya mbali, huku uchumi wa nje ukiwa umewafungia mlango. Wanaosema kijana wa leo anachagua sura yake kama mtu aliye gulioni wanamsahau mwenye mfuko mtupu gulioni. Dogo hakuikimbia kabichi. Kabichi haikumtosha, akajiongezea kazi nyingine, na jina la kazi, na watu wa kuwa naye.

Kaka alikaa na hesabu ile, kisha akaanza kuzungumza kama fundi. Kando ya barabara, chini ya nyumba, kuna kipande kisicholimika kwa mawe. Kibanda cha mbao kinaweza kusimama pale. Dogo ataomba mita yake mwenyewe. Hadi ipatikane, atamkabidhi wifi pesa za uniti kila Jumamosi, mkononi, kabla ya kuwasha sabufa. Wifi aliuliza kuhusu makochi, akahakikishiwa kwamba yatarudi mahali pake.

Ndipo kitinda mimba, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema chumba cha mbele anakitaka yeye. Mwakani ana mtihani wa kidato cha nne, na usiku hana mahali pa kusomea zaidi ya jikoni. Makochi mawili yarudi. Mahali pa makochi mengine iwekwe meza. Kioo kibaki. Babu naye abaki.

Kaka akauliza taa ya kusomea hadi usiku wa manane italipiwa na nani. Binti akamjibu kwamba katika nyumba hii ni mtu mmoja tu anayeweza kuingiza tokeni yenye tarakimu iliyofutika. Wifi akainuka kwenda kupima ukuta kwa ajili ya meza.